Fimbo ya Mwalimu Pascalia

Pascalia alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha nguo kule Changamwe. Mchana kutwa alisimama mezani, na pasi aliyopewa mpini wake ulikuwa umepasuka, hata joto la chuma likawa linapenya mpaka kiganjani. Aliuzungushia kitambaa, akaendelea. Jumamosi akitoka kazini alikwenda moja kwa moja kanisani Chaani, kwani ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya, miaka na miaka tangu ahamie pwani kutoka Busia.

Aliongoza kwa fimbo nyembamba ya mti mkavu, ndefu kama mkono. Siku hizo bega lake la kulia lilikuwa halipandi bila maumivu.

"Gedion, nimechoka," alimwambia mwimbaji wa besi aliyekuwa akipanga mabenchi. "Tafuteni mwingine."

"Nani, Mwalimu? Hata mwaka jana ulisema hivyo."

Hakuwa na nguvu za kubishana. Akapanda kijukwaa chake cha mbao.

Mvua ilikuwa imenyesha na maji yalipenya chini ya mabati yakalowesha sakafu. Maxwell, mpiga kinanda, alikuwa amevua viatu vilivyorowa. Akanyoosha mkono asogeze stendi ya chuma ya maikrofoni. Mkono ukanasa papo hapo. Mwili ukawa unatetemeka, mdomo wazi, sauti haitoki.

Lynnette, mkewe, akamkimbilia.

"Usimguse!" Pascalia alipiga kelele. "Stima imemshika! Itakushika na wewe!"

Swichi kubwa ilikuwa ofisini kwa mchungaji, nayo ofisi imefungwa. Pascalia, miguu ikiwa bado juu ya mbao, akainama na kuipiga stendi kwa fimbo. Haikuachia. Akapiga tena kwa nguvu zote za lile bega bovu. Fimbo ikavunjika, lakini stendi ikaanguka, na Maxwell akaporomoka. Gedion naye akawa amefika ukuta wa mbali, akachomoa plagi.

Hospitalini Pascalia alilala akiwa ameketi kwenye benchi, angali na vumbi la pamba nyweleni. Lynnette ndiye aliyemwamsha.

"Mama, daktari anasema moyo wake uko sawa."

"Na mkono?"

"Umeungua. Kinanda hatakigusa kwa muda."

Maxwell aliporudi mazoezini, mkono wa kulia ulikuwa bado umefungwa bendeji. Alisimama mlangoni kama mgeni.

"Sasa mimi nitafanya nini hapa, Mwalimu?"

Pascalia alimwonyesha kijukwaa. "Panda. Wa kushoto unatosha."

"Mimi niongoze?"

"Nyimbo unazijua. Niache nikae, mwanangu."

Akaenda kuketi kati ya waimbaji wa sauti ya pili, kando ya Lynnette. Maxwell aliuanza wimbo kwa kasi mno. Pascalia alilisikia kosa, asimkatize. Kufikia ubeti wa pili alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, macho ameyafumba, akiimba polepole.