Ngazi ya Mama Philomène

Sylvain amechoka. Nalisema mapema msije mkadhani nataka kusifia gari. Mimi ni jirani yake hapa mjini, katika komini ya Tshopo, nauza mawese mbele ya lango letu, na kila anaporudi kutoka msituni mimi ndiye namwona kwanza. Anazima injini, kisha anabaki ameshika usukani kama mtu aliyesahau nyumba yake ni ipi.

Gari yenyewe ni Hiace, ya kawaida kabisa siku anainunua. Ilibeba watu na mizigo barabara ya Bafwasende, na mvua ikinyesha ilikwama pamoja na nyingine zote. Mama yake, mama Philomène, anakaa kijijini, ndani kabisa ukishaacha barabara kubwa. Macho yake yote mawili yameingia ukungu, na daktari wa hapa mjini alisema akipasuliwa ataona tena. Pikipiki hapandi, alianguka nayo mara moja, akaapa. Hiace haikufika kwake. Basi Sylvain akaingiwa na wazo la kuifanya ifike.

Fundi Maurice alitoa ekseli ya mbele kwenye jeep iliyokufa, akaifunga chini ya Hiace ili magurudumu yote manne yavute. Akakata vyuma, akachomelea, akaiinua gari juu mpaka watoto wa mtaa wakawa wanacheza chini yake. Kwa kazi hiyo Sylvain aliuza shamba lao la kule Masako, na Bijou, mke wake, alikaa muda mrefu bila kumsemesha. Na kwa kuwa mama asiyeona hawezi kupanda gari ndefu namna ile, Sylvain akaagiza ngazi ya chuma chini ya mlango, na juu yake kipande cha tairi ili mguu usiteleze. Ngazi hiyo aliisimamia mwenyewe mpaka ikaisha.

Nisiwe mchoyo: ilipotoka gereji ilikuwa nzuri. Tope lililomeza malori, yenyewe ilipita ikinguruma polepole, na waliokwama wakaipigia makofi. Sylvain alirudi na tope mpaka kwenye nywele, anacheka peke yake. Ilikuwa inakunywa mafuta kupita kiasi, na kipuri kikivunjika lazima kiagizwe Butembo, lakini siku hizo hakutaka kusikia habari kama hizo.

Shida ni kwamba sifa zilisambaa. Alikuwa anajiandaa kumfuata mama yake, familia moja ya mtaa wa nyuma ikafiwa. Baba yao alikuwa ameomba azikwe kwao, na hakuna gari nyingine ambayo ingefika. Utamkatalia mtu mwili wa baba yake? Sylvain akakubali. Wakafunga matawi mbele ya gari, wakaimba, wakaenda. Baada ya huyo akaja mwingine, na mwingine tena. Waliofiwa hawana kitu, na nani ana moyo wa kubishana nao? Walimpa kuku, walimpa asante. Kila akipanga safari ya mama, matanga ya watu yalitangulia.

Wafanyabiashara wa sokoni wakaacha kupanda. Walisema gari inanuka. Akaisugua kwa sabuni na ndimu, akaipaka rangi ya kijani. Haikusaidia, maana injini ile ina mngurumo wake. Mimi mwenyewe siipandi, na sioni haya kusema. Vijijini, wanawake wakiisikia kwa mbali walitoka mikono kichwani, wakiuliza ni nani.

Mvua zilipopungua mwaka huu, alizikatalia familia mbili, akameza matusi yao, akaenda kwa mama. Yaliyotokea huko alinisimulia amekaa kwenye kiti changu, bila kuniangalia. Kijiji kizima kilisikia injini kabla hajafika. Alipoingia, vilio vilikuwa vimeshaanza, na mama yake ameketi chini vumbini, kitambaa kimemtoka kichwani, anaita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, ili ajue ni yupi ameletwa. Jina la Sylvain lilikuwemo.

Alimwinua. "Mama, ni mimi. Sikuleta mutu. Nilikuya kukubeba, tuende kwa docteur wa macho."

Ilichukua muda kumtuliza. Kisha akamshika mkono mpaka mlangoni, akamwekea mguu kwenye ngazi. Mama Philomène akapapasa chuma, akapapasa kipande cha tairi, akauliza nani aliyewaza jambo zuri hivi. Sylvain akamwambia ilitengenezwa kwa ajili yake. Mama akaurudisha mguu chini.

"Ngazi iko muzuri, mutoto yangu. Lakini hii gari najua kazi yake. Nitaipanda siku yangu, na siku hiyo sitakuwa na lazima ya macho."

Alimbembeleza mpaka jua likashuka. Wajomba nao wakabembeleza. Mama akakataa. Sylvain alirudi na mkungu wa ndizi kwenye kiti alichokuwa amemtandikia godoro.

Alimwomba Maurice airudishe gari ilivyokuwa. Maurice akamwonyesha vyuma vilivyokatwa; hakuna pa kurudishia. Sasa anabeba tu, wanaokuja wote. Namwonea huruma, na huruma yangu haimsaidii kitu. Juzi vijana walikuwa wanaingiza jeneza hapa mbele ya lango, mmoja akamgeukia kumshukuru. Alisema gari nyingine ziko juu sana, lakini hii imewekewa pa kukanyaga.