Vidole Vitatu vya Bi Pindo

Nyumbani kwa Bi Pindo utepe wa kupimia haukuruhusiwa kukanyaga. Ujana wake wote aliumalizia kiwandani akishona mifuko ya mashati, mifuko tu, ya wanaume ambao hakuwaona hata kisigino, na huko ndiko alikoapa kwamba akistaafu atamshonea mtu anayemjua, nguo nzima, bila kumpima. Wateja wake wakawa wajukuu. Sikukuu ikikaribia alinunua jora moja la kitambaa, akasogeza cherehani dirishani, akatandaza nguo ya mwaka jana juu ya kitambaa kipya, akaongeza vidole vitatu chini na kimoja mabegani, kisha mkasi ukafanya kazi yake. Pindo aliliacha pana, la kushushwa mtoto akirefuka, na hapo ndipo alipopatia jina.

Tena nguo hiyo haikujaribiwa. Mtoto aliivaa asubuhi ya sikukuu yenyewe, mbele ya ukoo mzima, na bibi akajigamba mpaka chai ikapoa. Ukimwambia huko ni kubahatisha, alikununia wiki.

Mwaka huu kitambaa kilikuwa cha kijani chenye maua madogo. Wajukuu walipita sebuleni mmoja mmoja, nguo zikawakaa sawasawa, Bi Pindo akitikisa kichwa kwa maringo. Wa mwisho alikuwa binti wa mwanawe wa kwanza, wa miaka minane, ambaye bibi alimwita mke mwenza kwa utani na kumpenda kuliko alivyokubali kusema.

Binti alitokea mlangoni amelishika gauni kwa mikono miwili asije akalikanyaga. Mabega yalikuwa yamemporomoka. Alipoliachia, pindo lilifagia sakafu.

Sebule nzima iliangua kicheko.

“Mama, hapo umeshona na la mwakani,” alisema baba wa mtoto, akijifuta machozi. “Macho yameomba likizo. Sasa tutanunua za dukani.”

Za dukani, na yeye yu hai? Bi Pindo aliona aibu, halafu akaona hasira, na hasira ndiyo iliyomsimamisha.

“Nileteeni la mwaka jana,” akasema. “Mvalisheni, muone lilivyomkimbia kwa ufupi. Ndipo mtajua kama ni macho.”

Mkwewe, mama wa mtoto, akalileta limepigwa pasi. Bi Pindo alikuwa amekwisha kuandaa maneno ya kuwasuta. Gauni likashuka, likapita magoti, likaenda kutulia kwenye vifundo vya miguu, palepale lilipotulia sikukuu iliyopita. Kiunoni lilipwaya, ngumi ingepita.

Bi Pindo alipiga magoti akaligeuza pindo, akiomba alikute limeshushwa. Halikuwa limeguswa, mshono ulikuwa wake mwenyewe. Mwaka mzima, na mtoto hakuongezeka hata ukucha. Yeye aliyejidai kuwajua wateja wake alikuwa amemkatia kitambaa mtoto wa kichwani mwake, na huyu wa kweli walikula naye meza moja kila Jumapili.

Kicheko kilikatika vipande vipande, hadi aliyekuwa akicheka kwenye kona naye akanyamaza.

“Si amerithi ufupi wa upande wetu tu,” alisema mwanawe.

Mkwewe alikuwa bado ameshika hanga ya lile gauni. “Nilikuwa nakusifia kazini, mama,” alisema polepole. “Nawaambia wenzangu, nguo za mama mkwe hazimkatai mtoto. Mwaka mzima sijashusha pindo. Nikawa nafurahi.”

Bi Pindo alimtazama, akatamani kumfariji, akainuka kutoka sakafuni.

“Hospitali,” alisema. “Sasa hivi. Chakula kitatungoja.”

“Lakini mimi siumwi, bibi,” alisema binti. Alikuwa ameshakaa sakafuni, mgongo ukutani. “Nachoka tu. Kwani nyinyi mkimaliza kuvaa hampumziki kwanza?”

Baba yake aliinama akamnyanyua. Alikuwa amejiandaa kubeba mtoto wa miaka minane, na mikono ikapanda juu kuliko alivyokusudia. Akamgeukia Bi Pindo, uso umemshuka, akasahau hata kuufuata mlango.