Legeza, Alisema Waruguru

Bi Mwanatumu wa Malindi hana adabu ya mauzo, na ndiyo maana anauza. Kwao ni Faza. Mdomo alikuja nao kutoka kisiwani. Kitanda cha kufumia alikinunua kwa Mtaliano aliyechoshwa na jua. Ni kikubwa kama kitanda cha maharusi, ila kwenye hiki watu hufanya kazi.

Yeye hukaa mbele, akirusha kibao chenye uzi. Nyuma, penye gogo lililozungushiwa nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, husimama msaidizi wake, Okoth. Kitambaa kikimkaribia mama kifuani, huita, "Legeza!" Okoth huinua kidole cha chuma kwenye meno ya gogo, nyuzi zinalegea, mama anaviringa kitambaa kwenye gogo la mbele. Kisha "Kaza!", na nyuzi zinarudi kulia kama zeze. Okoth haulizi maswali. Akisikia, anatenda. Wanaume wengi hawawezi hata hilo.

Alhamisi iliyopita Waruguru, mwenye duka la watalii, alikuja kuchukua kikoi cha zambarau. Kilibaki shubiri kiishe. Bwana harusi fulani alikitaka jioni hiyo, na rangi ile hakuna mwingine anayeifuma. Waruguru alidhani habari ya bwana harusi ni siri yake.

"Bei yako kali, mama. Wateja wenyewe hakuna."

"Basi kikoi wamtakia nani? Paka?"

"Hebu legeza kidogo, Bi Mwanatumu. Legeza!"

Gogo likazunguka lenyewe. Nyuzi zikalala kama tambi, na kibao kilichokuwa njiani kikatumbukia katikati yake, kikakata kadhaa.

"Okoth! Nani kakutuma?"

"Si nimesikia legeza? Masikio yangu hayachagui mdomo."

Waruguru ni mfanyabiashara hasa. Ajali ya mwenzake haiachi ipite bure. "Aa, sasa kitakuwa na vifundo. Bei ya vifundo si bei ya kikoi, mama."

Bi Mwanatumu alikuwa akiunga nyuzi, uso chini. "Nenda zako basi. Nitamuuzia bwana harusi mwenyewe. Alipita hapa asubuhi kuulizia. Kijana mzuri, ila ana haraka kuliko wewe."

Waruguru, aliyekwisha kuvaa viatu, akavivua.

"Mama, tusifike huko."

"Uliomba ilegezwe, imelegezwa. Nyuzi zimekatwa na ulimi wako. Sasa bei naikaza."

Nyuma ya kitanda, Okoth akasikia neno lake, akazungusha gogo: krr, krr, krr.

"Hapo umesikia sawasawa," Bi Mwanatumu akamwambia.

Waruguru akafungua mkoba.