Maram Yumo Edani

Bi Saadiya, jirani yetu hapa Mkokoni, ana mtoto mmoja tu, Maram. Mume wa Maram alipofariki, binti alikaa eda, na humo ndani mguu ukaanza kuvimba. Kila akitajiwa hospitali husema hatazamwi na mwanamume mpaka eda iishe. Basi waliposhuka wanafunzi wa udaktari kutoka ng'ambo, waliokuja kutibu watu bure, Bi Saadiya aliwakimbilia akilia.

"Nipeni mwanamke, wanangu, kwa ajili ya Mola."

Alikuja msichana mmoja miongoni mwao pamoja na Nesi Cherono, mkalimani wao. Aliugusa mguu, akasema maneno machache kwa sauti ndogo.

"Anasema yeye bado anasoma, hawezi kuutibu," Cherono alifasiri. "Umeoza ndani. Apelekwe Lamu leo hii, la sivyo atakufa."

"Huko atanitazama nani?" Maram aliuliza.

"Daktari wa zamu ni mwanamume, dada. Lakini mgonjwa si ameruhusiwa na dini?"

Maram aligeukia ukutani. Bi Saadiya akapiga magoti kando ya kitanda, akambusu mwanawe mkono.

"Nihurumie, mamaangu. Sina mwengine."