Mchagua Chembe za Zirkoni

Kazini walimwita Mama Pumzi, kwa jinsi alivyozoea kuibana. Akikohoa juu ya kisahani, kazi ya wiki nzima inapeperuka. Mwamba wa tope hata uubembeleze vipi hausemi umri wake. Lakini katikati ya matabaka yake huweza kuwamo utepe wa majivu ya volkano, na ndani ya majivu mna fuwele za zirkoni, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Urani iliyomo hugeuka madini ya risasi polepole mno, na hiyo ndiyo saa yenyewe. Majivu yakishajulikana umri, tope la juu na la chini yake nalo limeumbuka. Kazi ya Mama Pumzi ilikuwa kuzichagua fuwele hizo chini ya hadubini, moja moja, kwa kibanio. Haba na haba hujaza kibaba, watu husema. Za kwake hazikujaza hata kizibo cha chupa.

Alikuwa mjane mwenye mwana mmoja, na hawakuwa wakisemezana tangu matanga ya baba. Siku ya tatu tu mama alirudi kazini, kijana akaona ana moyo wa jiwe. Kumbe nyumba ilikuwa imemshinda. Kile kitanda kilikuwa kipana mno. Hakumwambia mwanawe. Mtu mzima na kiburi chake.

Juzi kijana alipiga simu: atapita kazini kwake kesho yake adhuhuri akielekea uwanja wa ndege, waonane. Mama alipiga gauni pasi mara mbili, akayapanga maneno yote, kuanzia lile la kitanda.

Siku ya miadi alikusudia asiguse kisahani, lakini mazoea yana tabu. Karibu na saa sita akaiona fuwele moja: ndefu, ncha kali, haijasuguliwa. Haikuwa kama zile kongwe za mviringo zilizosombwa na maji kutoka kwingine, ambazo zingelizeesha tabaka bure. Hii ilitoka na moto wenyewe, na gunia zima la mawe halikuwa limetoa nyingine. Spiriti iliyozituliza chembe kisahanini ilikuwa ikikauka. Akiinuka, chembe inaruka. Simu haziruhusiwi mle chumba cha hadubini. Dakika mbili tu, akajiambia, na wachagua chembe wanajua dakika mbili zao zilivyo ndefu.

Alipotoka, akiwa na furaha ya kuipata, jua lilikuwa limepinda. Simu aliyoiacha nje ilijaa miito ya mwanawe. Akampigia, hapatikani. Akakimbilia getini.

“Kijana wako alikuja, mama,” mlinzi akasema. “Kasubiri sana. Nikamwambia ukiwa mle ndani hatugongi, ulitukataza mwenyewe.”

“Hakuacha neno?”

“Aliniuliza tu unaendeleaje siku hizi.” Mlinzi akajikuna shingo. “Nakufungulia geti miaka yote hii, mama, lakini sijui.”