Mistari Niliyoichora Juu ya Wingu

Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha ramani cha jeshi la Sultani, Kapteni alinipa kalamu ya risasi akanambia nichore kilima kilichokuwa nje ya dirisha. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimefika Maskati na wazazi wangu kutoka Unguja baada ya mambo ya mwaka 1964, na kazi niliyoijua ilikuwa moja tu, kuchora ramani za mashamba katika ofisi ya upimaji ya kwetu. Nikakichora kilima kile saa nzima, na mawe yake na vivuli vyake. Kapteni, Mwingereza mwembamba mwenye sauti ya chini, akaitazama ile karatasi.

"Umechora unachokiona," alisema. "Hapa tunachora kile atakachokikanyaga askari."

Makao makuu ya jeshi yalikuwa bonde la Ruwi, na wakati huo Ruwi ilikuwa ngome nyeupe, safu ya mahema na uwanja mdogo wa ndege, basi. Kila asubuhi nikitembea kwa miguu kutoka Matrah, tulikokuwa tukikaa, nikipita kwenye mwanya wa majabali kabla jua halijawa kali. Milima ile haina mti hata mmoja. Mimi niliyezaliwa kwenye mikarafuu nikiiona kama kitu kilichosahauliwa na mvua, na bado nikiipenda, sijui kwa nini. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, na askari wakinicheka kila nikifungua mdomo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndege ikipita juu ya nchi hupiga picha, moja baada ya moja. Unaziweka picha mbili pamoja mezani, unazitazama kwa miwani maalumu, na ghafla milima inainuka, mabonde yanazama, unahisi ungeweza kutia kidole ukagusa kilele. Kutoka hapo unachora kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Mistari ikibanana, hapo pana ukuta wa jabali. Ikiachana, mtu anaweza kupanda na mzigo wake. Nilichora nchi nzima ya Dhofar, kule kusini, kwa njia hiyo, na mguu wangu haujapata kuikanyaga. Mchana, feni ikizunguka juu yetu, nikisinzia na kuona mistari ile ikitembea yenyewe, kama maji.

Vita vya kusini vilikuwa vimeanza. Vilikuwa vita vya watu wa nchi moja, na Meja wa mipango, mkubwa wa Kapteni, alipenda kutueleza kila upande una nini mkononi. Serikali ilikuwa na ndege, mizinga na redio. Waasi walikuwa na jabali. Walizijua chemchemi na mapango, walikuwa na mama na shangazi wa kuwapa maziwa njiani, na kwa miezi mitatu ya kharif, msimu wa manyunyu, mawingu ya bahari yakikaa juu ya jabali, ndege isione kitu. Askari wetu walibebewa maji kwa ngamia. Anayepigana huku ana kiu, alisema Meja, ana maadui wawili.

Mwaka mmoja kabla ya serikali kubadilika, Meja alitaka kuishika chemchemi moja kubwa kabla kharif haijaingia. Ukiishika chemchemi, waasi watakosa maji na itawabidi wateremke uwandani, mahali ambapo nguvu ni yetu. Mpango wake ulikuwa kombania mbili zipande alfajiri, kila moja kwenye mgongo wake wa mlima, moja ikienda na nyingine ikiilinda kwa bunduki. Katikati palikuwa na korongo. Kombania ya kushoto ingelivuka pale ambapo mistari yangu imeachana, iungane na mwenziwe juu ya maji. Kwenye karatasi palikuwa na mteremko mzuri, kama mtu kushuka ngazi ya nyumba.

Wiki ile aliletwa Maskati kutibiwa bega Sajini mmoja wa huko huko jabalini, jina lake Bakhit. Kwa kuwa hakuweza kushika bunduki, alipewa kazi ya kututajia majina ya mahali. Kiarabu kwake kilikuwa lugha ya kujifunza, kama kwangu, kwa hivyo tulielewana vizuri kuliko na wengine. Tulikunywa chai ya loomi, ile ndimu kavu, naye akanieleza kuwa ndugu yake wa tumbo moja yuko kwa waasi. Alilisema hilo taratibu, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

Alipofika kwenye korongo lile ramanini, kidole chake kilisita. Akaniuliza nani aliyechora hapa. Nikamwambia ni mimi.

"Hapa hapapiti mtu," alisema. "Hata mbuzi hapiti. Mama yangu alipoteza ng'ombe hapa."

Nilijua kosa ni langu. Siku ile ya picha palikuwa na kiwingu kidogo cheupe juu ya korongo. Nilitazama mistari ya upande huu na ya upande ule, nikaiunganisha kwa kukisia, kwa mkono mzuri, na sikumwambia mtu. Ilikuwa kazi safi, na Kapteni aliisifu.

Nilikaa na neno lile tangu asubuhi hadi adhuhuri. Baba yangu alikuwa mgonjwa, na mshahara wa nyumba ulikuwa wangu peke yangu. Tena nikawafikiria wale vijana wa kombania ya kushoto, wamefika ukingoni kumekucha, mbele yao shimo na juu yao bunduki. Baada ya sala nikaenda kwa Kapteni, nikamwambia yote.

Aliinamia ramani. "Umechora wingu," alisema. Kisha akaichukua ramani, akanambia nimfuate kwa Meja.

Meja alinitukana, na sikumlaumu. Lakini mpango aliubadilisha. Kombania zote mbili zikapanda mgongo mmoja, kwa njia ya nyuma, safari ya siku moja zaidi. Khabari zilitufikia kwa redio, vipande vipande, nami nikizitia rangi kwenye ramani, buluu sisi, nyekundu wao. Walifika juu ya maji bila ya kupoteza mtu. Wakapigana siku nzima. Kisha wingu likaingia mapema, na lilipofunguka kidogo, wale wekundu walikuwa hawapo. Walipita wapi, hakuna aliyejua. Baada ya siku nne askari wetu wakateremka, maana njia ya nyuma ilikuwa ndefu mno kwa kupandisha chakula na risasi, na chemchemi ikarudi kwa wenyewe.

Nilimuuliza Bakhit kama kulikuwa na njia nyingine ya kutokea pale. Alikuwa anafunga kitambaa cha bega lake.

"Nilikwambia pasipopita mtu," alisema. "Hukuniuliza panapopita."

Sikumpelekea mtu neno lile. Mpaka leo nnaona nilifanya sawa.

Mwaka 1970 Sultani akapinduliwa na mwanawe, na mambo yakabadilika. Bakhit alirudi kusini, na sikumuona tena. Mimi nikahamishiwa uraiani, kwa Mhandisi wa barabara, kisha kwa Mkurugenzi wa mipango ya miji, na huko nikachora mitaa ya Al Khuwair palipokuwa mchanga mtupu, mpaka nikastaafu. Ramani zangu zote za baada ya hapo, nisipopajua nimepaacha peupe. Mkurugenzi alikuwa akilalamika kuwa zinaonekana hazijamalizika.

Nilipokwisha kustaafu, mke wangu alitaka kuiona kharif, tukaenda Dhofar. Barabara ya lami inapanda mpaka karibu na korongo lile. Nilisimama ukingoni, na wingu lilikuwa limejaa hata miguu yangu siioni. Kulikuwa na mzee wa jabalini amekaa juu ya mkeka na chupa ya chai. Akatusogezea nafasi. Mikono yake ilikuwa na umri kama wangu, na alama ya risasi kwenye kiganja. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Maskati, na kabla yake Unguja. Hakuniuliza zamani zile nilikuwa upande gani, nami sikumuuliza. Akatumiminia chai, tukakaa watatu, tukangoja wingu lifunguke.