Tausi wa Filomena

Mtaani kwetu Matera, kusini mwa Italia, tulikanda unga nyumbani na kuoka katika tanuri moja. Kila familia iligonga mkate wake muhuri wa mti wenye herufi za jina lake ili usichanganyike na wa jirani, na muhuri ulichongwa na mwanamume wa nyumba. Wa Filomena Andrisani ulipasuka, naye alikuwa mjane.

“Bila muhuri sioki,” Vito mwenye tanuri alimwambia. “Tafuta mume kwanza, mama.”

“Mume naye anakula mkate, Vito. Nipe siku mbili.”

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kanisa la kale la pangoni, ukutani pamechorwa tausi. Filomena alimchonga ndege yule kwenye kipande cha mzeituni, akachimba mistari kwa kina.

Jumamosi mikate ilitoka. Unga ulikuwa umeumuka ukafuta herufi za wenzake, na wanawake wakaanza kugombania mikate. Tausi wa Filomena alionekana wazi hadi manyoya.

“Nani kakuchongea?” Vito aliuliza.

“Mikono hii hii.”

Kufikia Pasaka alikuwa amezichongea nyumba kumi na tisa, mayai sita kwa muhuri, malipo kwanza. Mteja wa ishirini alikuwa Vito mwenyewe. Huyo alitoa mayai kumi na mawili.